Bei ya Leso na Kiatu: Hupimwaje?

Siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani, mtu apitaye katika mtaa wa Biashara, ulio ukingoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, hana budi kutembea polepole. Njia imejaa watu. Wake kwa waume wametoka Kibokoni, Bondeni na Makadara, na wengine wamevuka maji kutoka Likoni, kuja kununua leso, kanzu, kofia, makubadhi na nguo za watoto kwa ajili ya Idi. Leso zimetundikwa milangoni toka juu hata chini, na wauzaji wanawaita wapitao. Katika msongamano huo neno moja husikika kila mahali, nalo ni hili: "Nguo zimepanda!"

Je, ni kweli? Mwulize mama aliyenunua doti moja ya leso, atakwambia kuwa zimepanda sana. Mwulize kijana aliyetoka Kongowea na furushi la mitumba, atasema kuwa mwaka huu amepata nafuu. Mwulize mwenye duka, naye atasema kuwa bei ni ile ile ya mwaka jana, hakuongeza hata senti. Huenda wote watatu wanasema kweli. Hapo ndipo penye fundo, na makala haya yataka kulifungua: bei za nguo na viatu hupimwaje, ni nani azipimaye, na kwa nini jambo hilo limhusu karani mwenye mshahara wa mwezi na mkulima mwenye shamba lake.

Merikani Yatufundisha

Kabla hatujaziendea hesabu za siku hizi, yafaa tukumbuke habari ya nguo moja ya zamani. Katika karne ya 19 wafanya biashara kutoka mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja na pwani yetu nguo nyeupe ya pamba isiyotiwa rangi. Mwaka 1833 Sayyid Said na Serikali ya Marekani walitia sahihi mkataba wa biashara, na nguo hiyo ikaenea hata bara, ikatumiwa na watu wengi kama fedha. Wenyeji wakaiita merikani, kwa kuwa ilitoka Marekani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika na biashara hiyo ikavunjika. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vikaanza kuleta nguo ya namna ile ile. Lakini mnunuzi wa pwani hakubadili neno. Aliendelea kuagiza merikani, akapewa merikani, ingawa nguo yenyewe ilifumwa Bombay, na huenda ilikuwa nyembamba au nzito kuliko ile aliyoizoea babu yake.

Mafundisho ya habari hii ni makubwa kwa kila mtu apimaye bei. Jina hubaki, kitambaa hubadilika. Mtu akilinganisha bei ya merikani ya mwaka mmoja na bei ya merikani ya mwaka mwingine, asijue kuwa nguo si ile, atakuwa amelinganisha majina tu.

Kapu la Taifa

Siku hizi kazi ya kupima bei katika nchi ya Kenya hufanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, lijulikanalo kwa herufi KNBS, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Katika juma la pili na la tatu la kila mwezi wakusanyaji wake huenda madukani na masokoni, katika sehemu mbalimbali za nchi, Mombasa ikiwa mojawapo, wakaandika bei za vitu vile vile walivyoandika mwezi uliopita. Mwisho wa mwezi hesabu hutangazwa.

Hesabu hiyo huitwa fahirisi ya bei. Mtu asitishwe na neno hilo. Fikiri kapu kubwa ambalo ndani yake mmetiwa vitu vyote ambavyo jamaa wa kawaida hununua: unga, mafuta ya taa, nauli, kodi ya nyumba, karo, dawa, nguo na viatu. Gharama ya kapu hilo katika mwezi mmoja uliochaguliwa huitwa 100. Hesabu mpya iliyoanza kutumiwa mwaka 2020 huzichukua bei za Februari 2019 kuwa ndizo 100. Basi fahirisi ikifika 130, maana yake ni kwamba kapu lililonunuliwa kwa shilingi 100 mwezi ule sasa halipatikani ila kwa shilingi 130.

Katika kapu hilo nguo na viatu vina fungu lao wenyewe. Wengi hudhani kuwa fungu hilo ni la nguo zilizokwisha kushonwa tu, lakini si hivyo. Ndani yake mna kitambaa cha kupima kwa yadi au mita, ujira wa fundi cherehani, gharama ya kufuliwa nguo na dobi, viatu vya wakubwa na vya watoto, na hata ujira wa fundi wa viatu aketiye barazani akitia soli mpya. Kwa hiyo fundi cherehani wa Kibokoni akiongeza ujira wa kushona kanzu, ongezeko la namna hiyo lina mahali pake katika hesabu ya taifa.

Sawa kwa Sawa

Sheria ya kwanza ya mpima bei ni kulinganisha kitu na kitu kilicho sawa nacho. Kwa sukari si kazi ngumu, maana kilo ni kilo. Kwa nguo ni kazi kubwa.

Itazame leso, ambayo wengi huiita kanga. Jina leso lilitoka katika lugha ya Kireno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Zamani wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo, wakaviunga pamoja kwa sindano vikawa vazi moja, ndipo wafanya biashara wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapishwa tayari. Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ndilo lililojulikana mno kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na mwenyewe husifiwa kuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuzitia leso maneno ya Kiswahili.

Leso nzuri ina pindo, ina mji, ina jina lake, na upana na urefu wake ni kama sentimita 110 kwa 150. Lakini leso mbili zenye pindo moja na jina moja zaweza kuwa si sawa hata kidogo. Moja ni ya pamba tupu, na kila ikifuliwa huzidi kuwa laini. Nyingine imechanganywa na nyuzi za viwandani zisizonywa jasho, au ni pamba nyembamba iliyopakwa wanga mwingi ili ionekane nzito dukani. Ikisha kufuliwa mara mbili, wanga umekwenda na maji, na jua laonekana upande wa pili.

Kila mnunuzi wa mtaa wa Biashara ameyasikia mazungumzo kama haya:

"Bi Mkubwa, bei haikupanda, ni ile ile ya mwaka jana."

"Bei ni ile ile, mwanangu, lakini leso si ile. Hebu inyanyue tuitazame mwangani."

Bi Mkubwa huyo hakusoma elimu ya takwimu, lakini amelitaja jambo ambalo wataalamu huhangaika nalo duniani kote. Nguo ikipungua uzito na bei isipungue, bei imepanda kwa siri. Ndiyo sababu mkusanyaji aliye hodari haandiki "leso" peke yake katika karatasi yake. Yampasa aandike ni ya kitambaa gani, ina ukubwa gani na imetoka kiwanda gani, ili mwezi ujao aitafute hiyo hiyo. Akiikosa, huchukua nyingine iliyo karibu nayo, na tofauti ya ubora haina budi kutazamwa katika hesabu.

Kofia nazo ni vivyo hivyo. Kofia iliyoshonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, huchukua majuma mengi, nayo si sawa na kofia iliyotoka katika mashine, ingawa mtu akizitazama kwa mbali zafanana. Mtu aliyenunua ya mkono miaka mitano iliyopita, na sasa akanunua ya mashine kwa bei ya chini, asiseme kuwa kofia zimeshuka bei.

Mitumba ndiyo yenye taabu kubwa kuliko zote, kwa kuwa katika robota zima hamna shati mbili zilizo ndugu. Siku robota linapofunguliwa, nguo za daraja la kwanza, zile ambazo wachuuzi huziita kamera, huondoka asubuhi kwa bei ya juu. Jioni zilizobaki huuzwa kwa bei ya kutupa. Tena mitumbani na madukani pia bei ya kuitisha si bei ya kumalizana. Mkusanyaji aandikaye bei ya kwanza aliyotajiwa amepotea, maana mwenyeji akisha kupatana hulipa chini ya hapo.

Idi Haikai Mahali Pamoja

Liko jambo jingine ambalo watu wa Mji wa Kale hulijua kuliko wengine. Taifa linaposema kuwa bei zimepanda kwa asilimia fulani, kwa kawaida huulinganisha mwezi huu na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Hiyo ni njia njema, kwa sababu Januari ina sare za shule, na Desemba ina sikukuu, kila mwaka. Lakini Idi hufuata mwezi mwandamo, nayo husogea mbele kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 Idi ya mfungo mosi ilikuwa katika mwezi wa Aprili, na mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Kwa hiyo mtu aliyezilinganisha bei za leso za mwanzo wa Aprili katika miaka hiyo miwili alilinganisha soko linalochemka na soko lililokwisha kupoa. Yafaa mwenye kupima bei za mji huu aweke kalenda mbili juu ya meza yake.

Kilio cha Mwaka 1947

Mtu aweza kuuliza: hesabu hizi zanifaa nini mimi? Jawabu lipo katika historia ya kisiwa hiki hiki.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanya kazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliweka zana chini. Makuli wa bandari ya Kilindini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli na wa majumbani, wote waligoma kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Katika siku hizo ndipo chama cha African Workers' Federation kilipoanza, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Malalamiko yao yalikuwa mengi, lakini shina lilikuwa moja: mshahara ulikuwa mdogo, na vita vilivyokwisha mwaka 1945 vilikuwa vimefanya chakula, nyumba na nguo kuwa ghali. Serikali ya wakati ule iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na baadhi ya wafanya kazi wakaongezewa mishahara.

Sasa fikiri taabu ya mtu aliyetaka kuthibitisha kilio hicho kwa hesabu. Hesabu ya gharama za maisha iliyotumiwa sana katika miaka ile ilianzia bei za Agosti 1939, ilikuwa ya Nairobi, na ilifuata matumizi ya Wazungu. Kuli wa Kilindini, pamoja na kaptura yake na leso ya mkewe, hakuwamo katika kapu hilo. Bei ya vazi lake ilipanda mbele ya macho yake, lakini hapakuwa na karatasi ya kuionyesha kama alivyoiona yeye. Mtu asiyehesabiwa hudai kwa sauti tu, na aliyehesabiwa hudai kwa sauti na kwa hesabu.

Ndiyo maana hata leo viongozi wa vyama vya wafanya kazi na waajiri wanapojadiliana mishahara huitazama fahirisi ya bei. Tarehe 1 Mei 2022, sikukuu ya wafanya kazi, ilitangazwa kuwa kima cha chini cha mshahara kitaongezwa kwa asilimia 12. Ilipofika Oktoba mwaka huo, bei za vitu vyote kwa jumla zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 kupita Oktoba 2021. Mwenye kuzijua hesabu mbili hizo aweza kuona mwenyewe ni kiasi gani cha nyongeza kilichobaki mfukoni, na ni kiasi gani kilicholiwa na bei.

Uzito wa Nguo

Kila fungu katika kapu hupewa uzito, yaani sehemu yake katika matumizi ya watu. Uzito huo hautungwi mezani, hupatikana kwa kuwauliza maelfu ya jamaa wanatumia fedha zao kwa nini. Katika hesabu iliyoanzia Februari 2009 nguo na viatu vilikuwa na uzito wa zaidi ya 7 katika kila 100. Katika hesabu mpya iliyoanza mwaka 2020, iliyotokana na uchunguzi wa mwaka 2015/16, uzito huo umeshuka hata 3 hivi. Chakula peke yake kina sehemu karibu 33.

Tufanye mfano. Tuseme bei za nguo na viatu zimepanda kwa asilimia 10, na vitu vingine vyote vimetulia. Kwa kuwa uzito wa nguo ni 3 katika 100, fahirisi nzima itapanda kwa asilimia 0.3 tu, na magazeti yatasema kuwa bei hazikutikisika. Lakini tuseme iko nyumba katika Mji wa Kale yenye watoto watano, ambayo hutumia sehemu 10 ya fedha zake kwa sare za shule, viatu na nguo za Idi. Nyumba hiyo imezidishiwa asilimia 1 nzima ya matumizi yake, tena si kidogo kidogo, bali kwa mkupuo, mwezi wa Januari na mwezi wa Ramadhani.

Je, taifa limesema uongo? La. Fahirisi ni wastani wa nchi nzima, nayo haikuahidi kueleza hali ya nyumba moja. Mtu mwenye kina cha futi tano aweza kuzama katika mto ambao wastani wa kina chake ni futi tatu. Hesabu ya taifa ni ya kuongozea nchi, na kwa kuongozea nyumba yahitajiwa hesabu ya nyumbani.

Kinachozisukuma Bei

Nguo nyingi zivaliwazo hapa hutoka ng'ambo. Leso nyingi huchapishwa India, na mitumba huingia kwa makontena katika bandari ya Kilindini. Kwa hiyo shilingi ikidhoofika, nguo hupanda hata kama mwenye duka hana tamaa. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilipata kuuzwa kwa shilingi 160 hivi, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Lakini mnunuzi asitazamie kuwa bei dukani itashuka siku ile ile, kwa sababu mwenye duka bado anauza mali aliyoinunua dola ilipokuwa ghali.

Amri za Serikali nazo hugusa bei. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Kenya ilikataza kuingizwa kwa mitumba, na katazo likaondolewa mwezi wa Agosti mwaka huo. Katika miezi hiyo wachuuzi waliuza marobota yaliyokuwamo nchini tayari, na mtu aliyezoea kuvaa kwa fedha kidogo alijua maana ya kitu kuadimika.

Fungua Daftari Yako

Basi tungependa kila msomaji ajaribu jambo moja ambalo halina gharama ila ya daftari na kalamu. Chagua vitu sita ambavyo nyumba yako hununua kila mwaka: kwa mfano doti moja ya leso ya pamba, shati la kazini, sare ya mtoto, kiatu cheusi cha shule, ndara, na ujira wa kushona suruali. Andika tarehe, duka au soko, kitambaa, ukubwa, na bei uliyolipa hasa, si ile uliyotajiwa kwanza. Mwaka ujao nunua au uliza vitu vile vile, mahali pale pale, na kama ni vya Idi basi katika siku zile zile za kukaribia Idi. Baada ya miaka miwili utakuwa na fahirisi ya nyumba yako.

Ongeza safu moja zaidi: kitu kilidumu muda gani. Tuseme kiatu cha shilingi 600 kilikatika baada ya miezi mitatu, na kile cha shilingi 1,500 kilivaliwa mwaka mzima na kutiwa soli mara moja kwa shilingi 200. Cha kwanza kimekula shilingi 200 kila mwezi, na cha pili hakikufika shilingi 150. Wazee walisema rahisi ghali, na daftari itakuonyesha ughali huo ni kiasi gani.

Karani atapata faida, maana chama chake kikijadiliana mishahara atakuwa na la kusema lililo na ushahidi. Mkulima wa Kilifi au Kwale naye atapata faida, kwa sababu ataweza kupima nguo kwa mazao yake: mwaka juzi doti moja ilikuwa nazi ngapi, na mwaka huu ni nazi ngapi? Kipimo hicho humwambia mkulima kweli kuliko shilingi yenyewe, kwani hata shilingi ni jina linalobaki huku thamani yake ikibadilika, kama ilivyokuwa merikani.

Siku ya Idi itakapofika tena, na neno lile la "nguo zimepanda" litakaposikika mtaa wa Biashara, wengi watarudia kulisema. Mwenye daftari ataifungua, aitazame leso mwangani, kisha aseme imepanda kwa kiasi gani. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili: mali bila daftari huisha bila habari.